Baba Alisimama Pembeni mwa Jalada

Watu wakisikia kwamba baba yangu alitoa diski, wananiuliza aliimba nini. Hakuimba. Alitikisa marakas, vile vibuyu vyenye mbegu ndani, pamoja na wanaume wanne waliojua muziki kuliko yeye. Nawaambia hivyo hivyo, sipambi. Nyimbo zenyewe wala sizitamani sana. Nililolitaka mimi ni jalada, lile ganda la karatasi ngumu ambalo huku Kolwezi tunaliita poshete.

Orkestra yao ilikuwa ya wafanyakazi wa mgodi wa Musonoi. Siku ya picha walipelekwa ukingoni mwa shimo, wamevaa mashati mekundu ya kufanana, na nyuma yao udongo wa kijani unashuka ngazi kwa ngazi. Mpiga picha akawapanga kwa cheo: mwimbaji katikati, magitaa kandokando yake, baba mwisho kabisa kushoto. Anacheka mdomo wazi, mwanya wa meno yake ya mbele unaonekana. Mkono wenye kibuyu ameunyoosha mpaka mbele ya kifua cha mwenzake, na kwenye dole gumba hakuna kucha, maana mashine iliila kabla sijazaliwa. Jalada lilikuwa pana kama sinia. Mama alilitundika juu ya kochi katika nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo, na kila Jumamosi alilipangusa kwa kitambaa kikavu. Ukifika mlangoni, baba anakucheka kabla hujavua viatu.

Kupigwa picha tena alikataa katakata. Wapiga picha walipopita mtaani siku za sikukuu, aliwafukuza kwa neno moja.

"Mi niko mu poshete, inatosha."

Halafu diski zikaisha. Sindano ya mashine ikivunjika hupati nyingine, na mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Manika akazitoa zile nyimbo kwenye kaseti. Baba alikimbilia kuinunua. Alipofungua kile kikasha mbele yetu, tukaona walichofanya. Picha ya jalada ilikuwa pana, karatasi ya kaseti ni nyembamba ya kusimama, basi walikata pande zote mbili. Mwimbaji yupo, magitaa yapo. Kushoto umebaki mkono mmoja tu unaotoka pasipo na mtu, umeshika kibuyu.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Angalia, balinikata," alisema. "Balibakisha kazi tu."

Mama hakucheka. Na mimi sikucheka, ingawa nilikuwa bado msichana na nilikuwa na jalada zima ukutani la kunituliza.

CD zilipokuja, picha ikawa ya mraba tena na baba akarudi mahali pake. Alirudi na sura ya ukubwa wa punje ya mahindi. Tena ilikuwa fotokopi ya fotokopi, mashati mekundu yameiva kama damu na nyuso zote zimekuwa nyeusi. Ukijua ni yeye, unamwona. Usipojua, ni doa. Wakati huo hatukujali, kwa sababu lile kubwa lilikuwa bado juu ya kochi.

Kisha Kasulo ikaingiwa na wazimu. Madini ya kobalti yalionekana chini ya nyumba, na kila mtu akaanza kuchimba ndani kwake, wengine jikoni, wengine chooni. Baba alikuwa amestaafu na pensheni yake ilikuwa hadithi. Akakubaliana na wachimbaji, wakavunja sakafu ya sebule yetu. Mimi nilipinga. Nani atamsikiliza binti aliyekwisha kuolewa? Baba mwenyewe alipanda juu ya kochi akalishusha jalada, akalifunga kwenye plastiki, akaliweka ndani ya sanduku la chuma pamoja na picha chache za harusi yao. Sanduku akalisukuma chini ya kitanda.

"Mu chambre kuko muzuri," aliniambia. "Vumbi haifike kule."

Akawakataza wachimbaji wasitie mguu chumbani. Na kweli hawakutia mguu. Walikuja kwa chini. Mchimbaji hafuati kuta za nyumba yako, anafuata mshipa wa mawe unakoelekea, na mshipa wetu uligeuka ukaenda moja kwa moja chini ya kitanda cha wazazi wangu. Asubuhi moja mama anafagia uani, akasikia nyumba inaguna. Sakafu ya chumba ilikuwa imezama na kitanda na sanduku. Kitanda walikivuta kwa kamba. Sanduku walisema watalitafuta kesho. Mvua ikanyesha, shimo likajaa maji, na hiyo kesho naingoja mpaka leo.

Nani anaficha kitu chake chumbani huku anachimba sebuleni? Sisi. Mtaa mzima tulifanya hivyo, tukidhani ardhi inajua vyumba. Nilimkasirikia baba, nikawakasirikia wachimbaji, nikaikasirikia hata mvua. Nyumba ikapasuka, ikabidi wazazi wahamie Manika. Baba hakulitaja tena jalada. Alizoea tu kuutazama ukuta wa kochi jipya, ukuta mtupu, mpaka kifua chake kikamshinda akafa.

Huku kwetu, kilio, yaani matanga, bila picha ni aibu. Picha ya marehemu inawekwa kwenye kiti mbele ya watu, na familia inavaa fulana zenye sura yake. Wageni wanaingia, wanaitazama ile sura, ndipo wanaanza kulia. Sisi tulikuwa na nini? Kadi yake ya kupigia kura ilikuwa imefutika kwa jasho la mfukoni. Nikachukua ile CD nikaenda nayo kwa mchapaji wa fulana karibu na soko. Alikuza punje ya mahindi kwenye kompyuta yake mpaka baba akawa vipande vya rangi.

"Yaya, usiogope," aliniambia, akiniita dada. "Nitamutengeneza muzuri."

Niliporudi jioni nilikuta mwanamume wa heshima, suti nyeusi, tai ya bluu, midomo imefungwa.

"Hii mudomo ni ya nani?"

"Mudomo ya tata ilikuwa haionekane, njo nikamutafutia ingine. Ni ya client moja, iko muzuri."

Nilimtukana, sifichi. Lakini mazishi yalikuwa kesho yake na fulana zilikuwa zimeshachapwa. Nikabeba. Kesho yake mama aliutazama ule uso kwenye kifua changu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Uyu haiko ye." Shangazi zangu wakamnyamazisha, wakasema ni uchungu.

Haukuwa uchungu. Ndiye mtu pekee aliyesema ukweli siku ile, na sasa hata yeye nimempoteza kwa namna nyingine, maana kumbukumbu zake zinamtoka. Yule mwanamume wa suti anakaa juu ya kochi, na mama anamsalimia kila asubuhi kwa kumwita baba: "Tata, ulilala muzuri?" Wajukuu wanamwita babu. Wanapiga nyimbo zake kwenye simu, na mahali pa jalada simu inaonyesha alama ya kijivu, noti moja ya muziki, ile ile kwa kila wimbo duniani. Wanasema betri za simu zinatoka kwenye udongo wetu. Basi huenda nimeshika udongo wa chini ya kitanda cha baba, na hauna hata sura yake ya kunirudishia. Inaniuma, na hao watoto wakiniambia nipunguze hasira naongeza.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, nilimpa mama ile kaseti. Nimeitunza miaka yote, ingawa hakuna tena mashine ya kuipiga. Aliishika karibu na macho. Mwimbaji hakumtazama, magitaa hakuyatazama. Alipitisha kidole kwenye ule mkono wa pembeni, akafika kwenye dole gumba lisilo na kucha, akasimama hapo.

"Njo ye," alisema. Ndiye.

Hakumtazama yule wa ukutani hata mara moja. Alitoa karatasi ndani ya kikasha, akaigeuza, akachungulia nyuma yake, kisha akaniinulia uso.

"Na kichwa yake balipeleka wapi?"