Kitabu Alichokiapia Mama Msafiri

Mama Msafiri alikuwa haapi. Dukani kwake, pale njia ya kwenda kijiji cha Nakwa ziwani, mteja angeshika daftari, aligeuze huku na huku, aseme, "Haya, apa kama hujanipandishia bei." Yeye angelichukua daftari lake na kulirudisha rafuni. "Jina la Mungu siyo la kuuzia madaftari. Bei ni hiyo." Wenzake wa sokoni waliapa kutwa nzima mpaka kiapo kikawa kama kikohozi. Yeye, ng'o! Mimi niliyekuwa nashona kwenye baraza yake nilikuwa nachukia kwelikweli, maana mteja akinuna dukani, hata suruali ya kupunguza kwangu haleti.

Jina lake hasa ni Faudhia. Mimi ni Mama Heriel. Nilikuja Babati nikimfuata mume wangu, mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya kabisa na watu wa ofisini wanahamia kila siku. Faudhia ndiye aliyenipa mahali pa kuweka cherehani. Mwanamke mgumu yule! Lakini Jumamosi asubuhi alitandika mkeka dukani, akawaita watoto wa darasa la kwanza na la pili, akawasomea bure vitabu vyake vya kuuza. Tena si kila kitabu. Sungura aliyevaa suruali, simba anayehutubia mkutano, hao wote aliwasukumia kwenye boksi chini ya kaunta.

"Mtoto wa hapa anaishi na fisi, anaishi na tembo," aliniambia. "Asome mnyama kama alivyo. Mkasa uliotokea kweli, maneno machache, herufi kubwa."

"Na huyo sungura kakukosea nini?"

"Wewe shona."

Jumamosi ninayoisema alikuwa amechagua kitabu chembamba, mkasa wa mvuvi aliyekutana na kiboko nchi kavu. Kabla ya kuwasomea watoto alikipeleka kwa wavuvi wa ziwani, wakamwambia naam, ndivyo kiboko alivyo: ukisimama kati yake na maji, akishtuka anakupitia juu. Mvuvi wa kitabuni alipona kwa sababu alikwenda pembeni, akaacha njia wazi. Mama Msafiri alikishika kile kitabu kama mtu aliyeokota almasi. Mvua zilikuwa zimekolea, na viboko wa ziwa letu walikuwa wanapanda mpaka kwenye mahindi ya watu.

Watoto wakajaa mkekani. Akapiga makofi kama kawaida yake. "Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Anifa, binti wa Nakwa mwenye pengo la meno ya mbele, aliyependa kukaa katikati ya mlango. Wala hatukushtuka. Sote tumekua tukijibu hivyo, nani anasikiliza yale maneno? Wakasoma, wakarudia, wakamcheka mvuvi, wakatawanyika.

Mchana wingu lilikuwa zito. Watu waliotoka Nakwa wakapita wakisema kuna kiboko amelala kwenye mahindi, kumekucha na hajarudi majini.

"Una bahati," nikamwambia Mama Msafiri. "Umewafundisha leo leo."

Akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Kandida, rafiki yake Anifa, alikuwa mbele ya kaunta akichagua penseli. "Anifa amekwenda kumwangalia," akasema.

"Amekwenda wapi? Si amesoma kitabu hapa?"

"Anasema kile ni cha uongo." Mtoto akatutazama kama sisi ndio wajinga. "Bibi, si tuliuita wenyewe? Uongo njoo."

Jamani! Nilimwona Mama Msafiri akishika kaunta kwa mikono yote miwili. Kisha akatoka mbio bila kufunga duka. Ndala yake moja ikabaki kwenye tope, hakuirudia. Nami nyuma yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, natweta, namwomba Mungu kwa majina yote niliyoyajua.

Tulipofika juu ya mashamba, wanaume walikuwa wamesimama na madebe, wanaogopa kuyapiga wasije wakamshtua kiboko. Chini yetu kijia kimoja kilitoka kwenye mahindi kikashuka mpaka ziwani. Katikati ya kijia alisimama Anifa, ziwa liko mgongoni kwake, ameinua shingo anachungulia. Mahindi yakatikisika.

"Toka hapo, mtoto! Toka!" watu wakapiga kelele. Yeye akawapungia mkono.

"Anifa!" Mama Msafiri akaita. "Nenda pembeni! Ingia kwenye mchicha!"

Anifa alipomwona, akacheka. "Kama kwenye hadithi, Bibi?"

Mahindi yakalala upande mmoja, na kile kichwa kikatokeza. Hapo ndipo nikasikia kando yangu neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwa mwanamke yule.

"Wallahi, Anifa! Wallahi, ni kweli!"

Kicheko kikamkauka mtoto. Alikuwa amekaa mlangoni pale dukani Jumamosi zote, amewasikia wateja wakimbembeleza Bibi aape na Bibi akikataa. Akaruka pembeni, akaangukia tuta la mchicha kifudifudi. Kiboko akashuka na kijia, akapita palepale alipokuwa amesimama, akamrushia tope mgongoni, akaingia majini kwa kishindo. Kumbe alikuwa anataka kwao tu.

Mama Msafiri alimkamata Anifa, akamtandika kofi la mgongo, kisha akamkumbatia wakalia wote wawili. Nami nililia. Hata wenye madebe walikuwa wanafuta macho na kusingizia jasho.

Jumamosi iliyofuata nilidhani mkeka utabaki mtupu. Walikuja. Anifa akakaa katikati ya mlango kama desturi yake. Mama Msafiri akatoa kitabu kilekile, nami nikasimamisha cherehani. Watoto walikuwa wameshafumbua midomo wanangoja makofi. Hakupiga.

"Leo hatuiti kitu," akasema. "Haya yalitokea."

Anifa akamtazama usoni kwa muda. Akageuka, akaitazama barabara ya Nakwa nyuma yake. Kisha akainuka, akamvuta Kandida mkono, wakasogea wote wawili mpaka ukutani, wakaacha njia wazi mlangoni, kama yule mvuvi.