Baba Ajimiminie Chai

Kwa miaka kumi na mmoja Shizue Kuramochi aliketi kwenye kigoda kando ya kamera, daftari magotini, akiandika kila kitu: kikombe kilishikwa kwa mkono gani, mlango wa karatasi ulisogezwa kiasi gani. Bila yeye, picha za Jumatatu zisingeungana na za Alhamisi. Studio ya filamu ilimpa kazi hiyo kwa kuwa ni mwanamke. Usaidizi wa mwongozaji, ngazi ya kufikia uongozaji wenyewe, ulikuwa wa wanaume tu. Yeye aliuomba kila mwaka, na kila mwaka wakamrudishia barua yake. Mimi nilikuwa fundi taa. Sikuwahi kumwona akilia.

Mwaka 1954 tulipiga filamu ya familia moja ya mji wa Kamakura, Japani. Siku ya kumi na tisa, wakati wa chakula cha mchana, alimwendea mwongozaji, Bwana Tokunaga.

"Mkuu, nimehesabu. Mpaka leo mama wa filamu hii amenyanyuka kuhudumia mara arobaini na tatu. Baba mara moja, tena alikuwa anakwenda kuoga."

Mzee Arisaka, aliyeigiza baba, aliangua kicheko. "Dada Shizue, unataka nivunjike kiuno? Nyumbani kwangu hata soksi navalishwa!"

"Ndiyo maana nasema, mzee. Baba aite chai, mama asinyanyuke. Ajimiminie mwenyewe."

"Watazamaji watasema mama ana kiburi," alisema Tokunaga.

"Watazamaji gani, Mkuu? Wanaojaza viti vya maonyesho ya mchana ni wanawake. Wao ndio wanaonyanyuka."

"Rudi kwenye kigoda chako."

Alirudi. Kesho yake akaleta tukio zima limeandikwa kwenye karatasi mbili. Tokunaga hakuzigusa. Keshokutwa yake akazileta tena. Siku ya tatu Mineko Uehara, aliyeigiza mama, alizichukua, akazisoma akiwa amesimama.

"Mimi leo sinyanyuki," alisema. "Magoti haya yana miaka hamsini na miwili."

Kamera ikaanza. "Chai!" aliita Arisaka. Hakuna aliyenyanyuka. "Wewe, chai!" Mineko akaendelea kutazama bustani. Mzee alimtupia jicho Tokunaga, lakini Tokunaga hakusimamisha kamera. Basi mzee akajikokota hadi jikoni. Akafungua kabati la kwanza, masufuria. La pili, mabakuli. Majani ya chai hakuyaona, na wala hakuwa anaigiza. Akarudi na maji ya moto matupu, akakaa, akanywa. Mineko alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda.

"Basi," alisema Tokunaga polepole. "Kuramochi, kashika kikombe kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, Mkuu. Nimeshaandika."

Wakubwa wa studio walitaka tukio likatwe, na Tokunaga alikaribia kukubali. Shizue akapanda ofisini mwenyewe, akakataa kiti, akazungumza nao hadi wakachoka. Filamu ilitoka na kikombe cha maji cha mzee Arisaka.

Barua ya Shizue ya mwaka uliofuata ilirudishwa vilevile. Hakuandika nyingine, aliacha kazi. Baadaye kampuni ndogo ya filamu za mafunzo ilimkabidhi filamu ya dakika ishirini kuhusu majiko ya vijijini, naye akaniita niwashe taa. Asubuhi ya kwanza, kijijini huko Yamanashi, mkulima mmoja alituuliza mwongozaji yuko wapi.

"Unaongea naye, baba," alijibu Shizue. "Hebu sogea kidogo, unaniziba mwanga."