Vizibo vya Mahona

Sakafu ya studio ilipomwagwa saruji, Mahona hakungoja ikauke. Alivua viatu, akaingia na mfuko wa vizibo vya soda alivyookota kwenye baa ya stendi, akaanza kuvikandamiza kimoja kimoja kwenye saruji mbichi. Vitatu vya miguu ya kamera. Vinne vya kiti. Vingine kushoto vya taa kubwa, vingine kulia vya taa ndogo, na kimoja nyuma ya kiti, pa ile taa ya kumulika nywele ili kichwa cha mtu kisizame kwenye pazia. Fundi mwashi akalalamika kwamba kazi yake inachafuliwa.

"Sakafu yako nzuri, fundi," Mahona akamwambia, "lakini hakuna atakayekuja Bariadi kupiga picha sakafu."

Vipimo vile vilikuwa vya Philomena, mkewe. Siku nyingi kabla ya saruji alikuwa amekalishwa kitini, juu ya udongo mtupu, huku Mahona akisogeza taa, akirudi nyuma, akikunja jicho moja, akisogeza tena. "Geuza shingo. Siyo hivyo, hivyo unasikiliza umbea wa jirani. Hapo. Usicheke." Naye alicheka kila mara.

Taa zenyewe Mahona alizitengeneza kwa mikono yake. Alitoboa mabeseni ya aluminiamu kitakoni, akachomeka balbu, na mbele akatanda kitambaa cha marekani kilichofuliwa mpaka kikalainika, mwanga ufike usoni bila ukali. Upande wa kivuli alisimamisha ubao uliobandikwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, urudishe mwanga kidogo kwenye shavu lililobaki gizani. Umeme aliupata kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Jenereta ikiunguruma, studio ina taa. Mahindi yakiisha, taa zimezimika. Ndiyo maana watu wa mjini, kabla hawajachana nywele, waliuliza kwanza: "Mahona, leo kuna mahindi?"

Alikuwa na maneno yake kuhusu mwanga, nayo Philomena aliyashika kama mtu anavyoshika sala. Uso wetu, alisema, usiumulike kwa mbele kama ng'ombe aliyekutwa barabarani na gari. Mwanga uje ubavuni, upande juu kidogo, uteremke shavuni taratibu kama jua la jioni kwenye ngozi ya fahali mweusi. Aliyejipaka mafuta mengi umpanguse paji la uso, si mashavu. Na kioo cha kuchania nywele, kilichoning'inia kando ya pazia, ukigeuze kitazame ukuta kabla hujapiga picha, maana kioo ni mwizi wa taa. Mteja akishakaa, Mahona aliinua mkono wa kushoto juu ya kamera. "Tazama mkono wangu. Mkono tu." Watu walitazama mkono, wakasahau kuogopa kamera.

Kila filamu ilipokaribia kwisha, vilibaki vipande viwili vitatu visivyo na mwenyewe. Hapo Philomena alisema, "Leo kaa wewe, nikupige mimi." Mahona akajibu, "Kesho." Kisha akamkalisha yeye, kujaribu namna nyingine ya kuweka taa. Hivyo kuta za studio zikajaa Philomena: Philomena mwenye mimba ya Flora, Philomena mwenye kitenge kipya, Philomena aliyechoka, Philomena aliyemwagiwa mwanga ubavuni. Picha ya Mahona haikuwapo hata moja.

Mwaka ule biashara ilipofunguliwa kila upande, na redio, mitumba na filamu za rangi vikaanza kumiminika kutoka Mwanza, watu waliacha kutaka picha nyeusi na nyeupe. Chumba cha giza, ambamo Mahona alisafishia picha zake, kikawa stoo. Filamu zilipelekwa Mwanza kwa basi, zikarudi na rangi. Mahona hakununa. Alisema mwanga ni uleule. Ila alitaka taa za dukani, zile za kumweka, na kamera ya pili. Baada ya Krismasi akaondoka na wenzake kwenda machimbo ya dhahabu, "msimu mmoja tu." Kadi yake ya chama, yenye picha yake ndogo ya pekee, aliitia mfuko wa shati. Kamera aliiacha juu ya vizibo vyake.

Kwa Philomena, kamera ile ndiyo ilikuwa ahadi. Mtu haachi jicho lake nyumbani asilirudie.

Mvua za mwaka uliofuata, wanaume waliorudi kutoka machimboni walileta habari ya shimo lililotitia. Mmoja aliapa kwamba Mahona alikuwamo. Mwingine aliapa kwamba Mahona alikwisha kuhama kambi, akaenda mbele zaidi. Wote wawili walimtazama Philomena usoni, na wote wawili walionekana wakweli.

Aliendelea na studio. Alipiga picha jinsi alivyozikuta taa, kila mguu juu ya kizibo chake. Hata kamera hakuishusha, ingawa Mahona alikuwa mrefu kuliko yeye. Alipanda kreti la soda akachungulia. Kufagia alifagia kwa kuzunguka, kama mwanamke anavyofagia pembeni ya mtu aliyelala. Ng'ambo ya barabara Yakobo alifungua studio yake, akapaka ukuta rangi ya bluu na kuweka taa ya kumweka inayofanya kazi hata jirani asiposaga. Siku moja alivuka, akasimama mlangoni akitafuna muwa.

"Shemeji, hayo mabeseni bado? Mie nilidhani unawapikia wateja."

"Wanatoka wameiva, shemeji. Kwako wanatoka wamestuka kama wamekutwa kwenye zizi la watu."

Yakobo akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akatazama vizibo sakafuni, akasema kwa sauti nyingine, "Ungesogeza ile kubwa kidogo. Watoto na watu wafupi mwanga unawaruka."

"Najua," Philomena alisema. Hakuisogeza.

Miaka kadhaa baadaye, msimu wa pamba, wanunuzi binafsi walipoanza kuvuka vijiji na mizani yao, alifika Nyanjige, mama yake Mahona, kutoka Sola, upande wa Maswa. Alikuwa kikongwe mfupi, mgongo umepinda, amejitanda kanga mbili na kushika fimbo ya kuchungia ambayo haikuwa na ng'ombe tena.

"Mwangaluka, mayu," Philomena alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma, akipiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Nipe maji kwanza. Maneno niliyobeba ni makavu."

Alikunywa, akakaa kwenye kiti cha wateja, miguu haigusi chini. Akasema kwamba Masele, kaka yake Mahona, ameamua. Pamba ikishauzwa ukoo utakutana Sola, Mahona aliliwe kama watu wengine wanavyoliliwa, nyumba ipumue. Kwa kuwa hakuna mwili, wazee wamesema shuka jeupe likunjwe, lilazwe katikati ya nyumba.

"Mayu, mtu aliye hai haliliwi," Philomena alisema.

"Nami nilisema hivyo mwaka jana. Na mwaka juzi." Kikongwe alifuta midomo. "Sikuja kubishana juu ya uhai. Hata kilio wanachonipeleka sijakikubali. Nimewaambia, mimi sikuzaa shuka. Nileteeni sura yake, niiweke pale, nijue ninamlilia nani. Wasipoileta, wasikutane. Masele akasema, mkewe ni mtu wa picha, hawezi kukosa. Basi nimekuja. Nipe."

Philomena alihisi furaha ndogo ya aibu ikimpanda kifuani. Picha haipo. Bila picha hakuna msiba. Bila msiba Mahona yuko njiani.

"Hana picha, mayu. Hata moja. Alipiga wengine tu."

Nyanjige alizitazama kuta, akaona Philomena baada ya Philomena. "Huyu mtoto," alisema polepole. "Alikuwa hivi hivi. Akipewa nyama anagawa, halafu anauliza yake iko wapi." Akageuza macho kwenye pazia. "Na kile kioo, mbona kimenuna? Kimegeukia ukuta kama mke aliyegombezwa."

"Ndivyo alivyokiweka, mayu. Kikitazama huku kinarudisha taa, picha inaharibika. Alisahau mara moja tu, kwa bibi harusi mmoja wa Lagangabilili, Benedikta. Picha ikatoka na kioo nyuma, na ndani ya kioo..."

Akainama kuokota kikombe cha maji.

"Ndani ya kioo nini?"

"Taa," Philomena alisema. "Taa tupu." Akainuka kwenda kupika.

Angeweza kuishia hapo. Kikongwe alikula, akalala mapema kitandani kwa Flora, binti yao, ambaye alikuwa shule ya bweni. Asubuhi alitikisa kanga zake kujiandaa kwa gari la Maswa, bila lawama, kama mtu aliyetumwa chumvi akaambiwa duka limefungwa. Lawama Philomena angeivumilia. Kilichomshinda ni kumwona mama yule, kabla ya kutoka, akikigusa kioo kwa vidole, nyuma yake, penye ubao mtupu, kwa sababu tu mwanawe alikishika.

"Subiri kidogo, mayu," alisema.

Chumba cha giza kilikuwa na dirisha moja, na Mahona aliliziba kwa picha zilizoharibika, tabaka juu ya tabaka, nyuso zikitazama kioo cha dirisha. Philomena alileta maji ya vuguvugu na kitambaa. Alilowesha, akangoja, akabandua. Alitoka mtu aliyefumba macho. Akatoka mtoto aliyetikisika. Kila picha ilipotoka, mwanga wa nje uliingia kwa upana wa picha ile, ukaangukia madumu na makopo ya dawa yaliyokauka. Hakuwa amewahi kuyaona mchana. Mwishowe akatoka Benedikta, shela kichwani, amekaza shingo. Nyuma ya bega lake kilikuwa kile kioo.

Ndani ya kioo, pale ambapo uso wa Mahona ungekuwa, mwanga wa taa kubwa ulikuwa umelipuka, mweupe, haukuacha kitu. Chini ya ule weupe kulikuwa na kola ya shati. Na juu ya kamera, wazi kabisa, ulikuwa mkono wa kushoto umeinuliwa, kidole cha mwisho kimepinda kwa nje kama tawi lililovunjika likaungwa vibaya.

Philomena alisimama na picha iliyolowa mpaka maji yakamchuruzika kwenye kiwiko. Kisha akaipeleka.

Nyanjige aliishika mbali na macho, halafu karibu. "Bibi harusi mzuri. Uso wa mwanangu uko wapi?"

"Taa iliuficha, mayu. Tazama mkono."

Kikongwe alitazama. Kidole chake mwenyewe kikatembea juu ya karatasi, kikafika kwenye kile kilichopinda, kikasimama.

"Kamba ya ndama," alisema. "Alijizungushia kidoleni, eti asimtoroke. Ndama akastuka. Nilimfunga mimi mwenyewe kwa kamba ya katani na kijiti. Baba yake aliniambia sikufunga sawa." Alianza kucheka, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na Philomena hakujua ni wakati gani kicheko kile kiligeuka. Akakaa chini sakafuni karibu na magoti yake, wakalia wote wawili asubuhi ile, bila shuka.

Baadaye Nyanjige alijifuta kwa ncha ya kanga. "Mkono hautoshi kuwa sura," alisema. "Lakini ni wake. Haukutoka dukani." Akaiweka picha magotini. "Nimwambie nini Masele?"

Philomena alitazama vizibo. Kutu ilikuwa imevila pembeni, ila karibu na miguu ya taa, palipokingwa, bado viling'aa.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Nitakuja na Flora."

Jirani alikuwa amewasha jenereta. Mashine ya kusaga ikaanza kupasua mahindi, ukuta ukitetemeka. Nyanjige aliinua kichwa.

"Basi nipige. Mimi na mkono wake. Hiyo ndiyo wataiweka katikati ya nyumba, waone kwamba ana mama."

Alikaa kitini, picha ameiegemeza kifuani. Philomena aliwasha taa, akapanda kreti lake, akachungulia. Mwanga mkubwa ulipita juu ya kichwa cha kikongwe, ukapiga pazia. Uso wake wote ulikuwa kivulini, macho hayaonekani. Alisogeza ubao wa karatasi za fedha. Haukusaidia. Aliinamisha beseni, mwanga ukaanguka kifuani na kuifunika picha kwa weupe, mkono ukafutika.

Akashuka. Akaishika taa kubwa kwa mikono miwili, kwenye shingo yake ya bomba, akaiinua kutoka juu ya vizibo. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Aliishusha urefu, akaiweka mbele kidogo, ubavuni, kwenye saruji isiyo na alama, akarudi nyuma, akakunja jicho moja, akaisogeza tena. Mwanga ukateremka taratibu kwenye shavu la Nyanjige, ukaingia katika kila mkunjo, ukakaa. Kisha akaishusha na kamera, akasukuma kreti kando kwa mguu.

"Nitazame wapi?" kikongwe aliuliza. "Hilo jicho la chuma linanitisha."

Philomena aliinua mkono wa kushoto juu ya kamera.

"Hapa, mayu. Mkono tu."

Nyanjige akautazama mkono ule. Akautazama muda mrefu, mdomo ukilegea, shingo ikinyooka kidogo, na Philomena hakubonyeza mpaka alipoona kwamba ameacha kuogopa.