Kilimi cha Mwajuma

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Nyakabiga, mtoto aliyechelewa kusema hakuitwa mgonjwa. Watu walisema amezibwa na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na dawa ya kilimi ni kukatwa. Mdogo wangu Mwajuma alifika umri wa kwenda shule bila kusema hata "mama". Hakumtazama mtu usoni. Alizungusha vifuniko vya sufuria sakafuni tangu asubuhi, na ukimnyang'anya alipiga kichwa ukutani mpaka damu itoke. Siku hizi hali ile tunaiita usonji. Wakati ule kila jirani alikuwa daktari, na madaktari wote walitibu koo.

Bibi, mama yake baba, ndiye peke yake aliyekataa. Si kwamba hakuamini mambo ya kilimi. Aliyaamini kuliko wote, na ndiyo maana aliogopa.

"Neno lenye kufunguliwa na kisu linatoka na damu," alimwambia mama. "Na likishatoka linatafuta mutu. Muache mutoto, Mungu atamufungua."

Mama aliitikia kwa heshima. Lakini subira ilikuwa imemchosha, na mimi nilimwona.

Baba alikuwa fundi wa magari, na kupitia kazi yake alimfahamu mama mmoja wa Mutanga Sud, Mkristo, aliyekuwa akifundisha watoto wasiosema kabla vita havijafunga shule yake. Tulimwita Madamu. Alikuja kwa miguu, akavua viatu mlangoni, akaketi sakafuni na Mwajuma kana kwamba hakuna risasi duniani. Alishika kifuniko, akafungua kiganja, akasema, "Nipe." Kisha akangoja. Aliweza kungoja mpaka ukatamani kumpiga kofi. Siku moja nilishindwa, nikasema mimi.

"We Halima, usimusemee," akaniambia. "Muache alitafute mwenyewe. Siku atalisema, tunamupa palepale, hata nyumba ikiwaka moto."

Ikafika mahali Mwajuma akawa ananyoosha mkono na kubana midomo, na pumzi inamtoka puani. Neno lilikuwa njiani. Nilikuwa nakimbia kutoka madrasa nisije nikalikosa.

Halafu mtaa ukachafuka. Nyumba ya jirani yetu ilichomwa moto watu wakiwa ndani, na maiti zikalala mtaroni mpaka mbwa wakanenepa. Madamu hakuweza tena kuvuka kuja kwetu. Vijana waliweka vizuizi vya matairi na mawe, wakawa wanauliza watu majina, na baba zao walizaliwa kilima gani, ili wajue kabila. Anayejibu vibaya anauawa, na anayenyamaza anahesabiwa amejibu vibaya. Kijana mmoja kiziwi, muuza makaa, tulimkuta asubuhi amekatwakatwa kwa sababu hiyo tu.

Tangu siku hiyo mama hakulala. "Wakimuuliza mutoto wangu jina akanyamaza," alisema, "watamufanya hivyohivyo." Siwezi kumcheka. Alikuwa akitafuta neno moja tu la kumwokoa binti yake.

Siku Bibi alipokwenda kilioni na baba akiwa gereji, mama alimwita mkataji, mwanamke mzima kutoka Carama, mwenye kisu kidogo kilichopinda ncha. Majirani wawili walimkandamiza Mwajuma kwenye mkeka, mmoja akamtia kijiti cha kuachamisha kinywa. Mtoto yule ambaye hata kuguswa mkono hakupenda! Alijinyonganyonga kama samaki, akamng'ata mkataji kidole, na kisu kikaingia hata hivyo. Mkataji akaonyesha kinyama kwenye kitambaa, akasema Alhamdulillah, kazi imekwisha. Damu haikukoma. Ilijaa kinywani, Mwajuma akaimeza, akaitapika, ikaja nyingine.

Madamu aliingia wakati huo. Alikuwa amesikia njia imetulia, akaja kwenye somo lake. Alimbeba Mwajuma kifuani, akatoka mbio kuelekea zahanati, mama na mimi nyuma yake.

Kwenye kona ya upande huo vijana walikuwa wamekaa juu ya matairi. Walituona na vitambaa vyetu vya kichwa, na Waislamu walihesabiwa hawana upande katika vita vile.

"Waislamu, mupite. We wa mutoto, baki. Jina?"

Madamu akawajibu. Nadhani angeweza kudanganya, lakini alikuwa na haraka. Wakatazamana.

"Mutoto anakufa," akasema. "Muniache nimufikishe, nitarudi hapa mwenyewe."

Wakacheka. Mmoja akainuka na panga lililonolewa likang'aa, akaliinua. Mwajuma alipenda sana vitu vinavyong'aa. Akageuza kichwa kwenye bega la Madamu, akanyoosha mkono kwenye lile panga, akafungua kinywa kilichojaa damu.

"Nipe."

Kijana aliduwaa, panga likabaki juu. Mama alipiga magoti, akaanza kulia kwa hofu. Madamu alitabasamu, Wallahi, alitabasamu kama mtu aliyeletewa mjukuu. "Eeh, Mwajuma! Umesema!" Panga hakuweza kumpa, basi alivua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye kile kiganja kidogo, akamkabidhi mtoto kwa mama. "Kimbia, Mama Halima."

Tulikuwa hatujapita matairi nilipolisikia panga. Lilipiga, likapiga tena. Sikugeuka, lakini Mwajuma, begani kwa mama, alikuwa anatazama nyuma.

Mwajuma alipona. Bibi aliporudi, onyo lake likiwa limetimia, hakujisifu. Alijipiga kifua akalia kwamba yeye ndiye aliyelitamka onyo lile, likawa kweli. Na mama akaamini moja kwa moja: neno limetoka na damu, limetafuta mtu, limempata Madamu. Kila Mwajuma alipofungua mkono na kusema "Nipe", mama alimziba mdomo kwa kiganja. Lilisemwa na kuzibwa, likasemwa na kuzibwa, mpaka likaacha kusemwa. Hakuna jingine lililokuja. Leo ni mwanamke mzima, anaishi kwangu, na kimya chake nakijua kama ninavyoijua sauti ya mtu mwingine.

Niliamini mimi pia, kwa muda mrefu. Sasa nasema hivi: vijana wale walikuwa wameketi pale kabla Mwajuma hajafumbua mdomo, na swali lao halikumhusu. Neno halikumtafuta Madamu. Madamu ndiye aliyelitafuta, miezi mingi, amekaa sakafuni, na lilipofika yeye peke yake alilifurahia. Sisi tuliompenda Mwajuma tulilisikia tukadhani ni kifo. Koo lake lilishapona, Madamu alishazikwa, na bado mkono wa mama ulikuwa mdomoni mwa Mwajuma, ukiokoa watu.