Sifuri Mbele ya Jina Lake

Mama yangu alikuwa mkunga wa zahanati kule Msimbati hadi alipostaafu na kuja kuishi nami mjini, Rahaleo. Alikuja na begi moja la nguo na madaftari manne. Moja lilikuwa la wanawake aliowazalisha, mengine ya watoto wao. Mimi sina subira na karatasi zinazongoja mchwa, nikaamua kuyaingiza yote kwenye kompyuta, kwa programu ambayo hata mtu asiyesomea mambo hayo anaipanga mwenyewe.

Niliweka jedwali la wanawake na jedwali la watoto, kila mtoto nikamuunganisha na mama yake. Kisha nikaongeza safu ya kuhesabu watoto wa kila mama. Nilibonyeza mara moja tu, namba zikajitokeza zote kwa mpigo: nne, saba, mbili, tisa. Mwili ulinisisimka. Kazi yote ya mama ilikuwa mbele yangu, naye yuko jikoni anachambua mchele.

Habari zilifika Msimbati. Jumamosi akaja rafiki yake wa zamani, mbangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Yeye na mumewe wamezeeka pamoja bila mtoto ndani ya nyumba. Hata chai hakutaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnatuhesabu. Na mimi nimo?"

Alikuwemo. Mbele ya jina lake palikuwa na sifuri. Nilitaka kuifunika kwa kiganja, lakini alishaiona.

"Mimi nilizaa," alisema. "Muulize mama yako."

Mama akaeleza. Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba. Kabla ya hapo anaitwa mgeni tu. Naye alikuwa akimwandika mtoto siku hiyo ya jina. Binti wa rafiki yake aliishi siku tatu.

"Nisamehe, dada," alimwambia. Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu radhi.

Nilifungua mstari mpya kwenye jedwali la watoto. Sehemu ya jina nikaiacha tupu, nikauunganisha mstari na mama yake. Programu haikuuliza mtoto aliishi siku ngapi. Sifuri ikaondoka, ikaja moja.

Yule mama alisogea karibu kabisa na kioo. Nimefanya kazi ya kumbukumbu ofisini miaka mingi, na sikujua kwamba tarakimu moja inaweza kumfanya mtu mzima avute kiti akae.

"Mbona hapa kwenye jina pako wazi?" akauliza.

"Si hakufikisha siku saba, mama?"

"Siku ya saba ilifika, yeye ndiye hakuwepo," alisema. "Nilimpa hivyo hivyo."

Akanitajia jina, halafu akalirudia polepole, nisije nikakosea.