Bibi na Mtumbwi wa Kijiji

Juzi sokoni Mikumi, harufu ya kambare wa moshi ilinirudisha kwenye mtumbwi wa bibi. Siku moja utotoni mwangu, kijiji kizima kililima shamba la ujamaa. Mimi na bibi tulikwenda kutega samaki kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi aliita kutoka ukingoni. “Shikamoo, mama! Mtumbwi huo sasa ni wa kijiji. Urudishe!”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uuchukue.”

Mjumbe aliingia majini hadi magotini, akarudi nyuma, akakaa kutusubiri. Bibi akawasha moto, akachoma perege taratibu, moshi ukamfuata kule kule. Njaa ilipomzidi, akaondoka.

Mimi niliamini serikali inaishia majini. Leo najua mjumbe hakujua kuogelea, na bibi alilijua hilo. Kesho yake tulivuka tena.