Ukuta wa Mama Mkwe

Jina la Bwana lihimidiwe, aliyeniamsha tena asubuhi ya leo na magoti yanayouma lakini bado yanakubali kukunjika. Yeye ndiye ajengaye, sisi hubeba mchanga tu. Namshukuru kwa paa, namshukuru kwa kuta, na hasa namshukuru kwa ukuta mmoja ambao mimi nilitaka kuubomoa. Habari za ukuta huo ndizo nitakazoandika, polepole, kwa maana siku hizi nachoka upesi.

Ninaishi Malili, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, katika ploti ya zamani ya vyumba vya kupangisha. Ni jengo moja refu chini ya mabati, kila chumba na mlango wake wa mbele, na kila ukuta wa kati ukitumiwa na majirani wawili. Mimi na mke wangu tuliijenga kidogo kidogo wakati nilipokuwa nikifundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu. Vyumba ni futi kumi kwa kumi, kama ploti zote. Malori yakipita, vikombe hutetemeka kabatini.

Mke wangu alitangulia mbele ya haki baada ya ugonjwa mrefu. Siku zake za mwisho hakuwa na maneno mengi. Aliniambia, "Mama asibaki peke yake," akafumba macho kupumzika, na mimi nikasema ndiyo.

Mama huyo, yaani mama mkwe wangu, aliishi Ikutha katika nyumba ya matofali iliyokuwa imeanza kuinama upande mmoja. Mke wangu ndiye aliyekuwa mtoto wake wa mwisho kubaki hai. Baada ya mazishi tulipata habari kwamba bibi huyo alianguka akielekea kwenye mtungi wa maji, akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Aliyenipigia simu kunieleza alisema, "Mzee, mara ya pili hatutakuta mtu wa kuinua." Sikulala vizuri wiki ile.

Basi niliwaomba wapangaji wa vyumba viwili vilivyopakana na changu wahame, nikawapa muda wa kutosha, na nikaita fundi. Nilitaka vyumba vitatu viwe nyumba moja.

Binti yangu, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa na mawazo yake. "Baba, bomoa kuta zote," aliniambia kwa simu. "Iwe wazi. Siku hizi watu hawajifungii kwenye viboksi."

"Nikibomoa zote, paa litakaa juu ya nini?"

"Utaweka nguzo."

"Nguzo nitakuwa mimi."

Alicheka. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka sana, lakini nilifurahi kusikia kicheko ndani ya nyumba, hata kama kilitoka kwenye simu.

Fundi alikuwa mzaliwa wa Mombasa aliyeoa huku kwetu, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Alichukua kipande cha makaa akanichorea mpango sakafuni, chumba baada ya chumba, huku mimi nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilikuwa nimeufikiria mpango huo wakati wa maombi yangu, na niliuona mzuri. Chumba cha kwanza kingekuwa sebule. Chumba cha kati, chenye joto kuliko vyote, kingekuwa cha mama. Cha tatu kingegawanywa, mbele nilale mimi, nyuma tutengeneze choo na bafu, ili bibi asitoke nje gizani kwenda kwenye vyoo vya ploti. Ukuta kati ya chumba chake na changu tungeufungulia mlango, nao mlango ungekuwa na pazia. Nilitaka akikohoa nimsikie. Nilitaka akianguka nifike kabla ya mwenye kuomba chumvi.

Sisi Wakamba tuna neno nthoni. Ni aibu na heshima kwa pamoja, na mahali pake pakuu ni kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na mmoja hakanyagi mahali anapolala mwenzake. Miaka yote ya ndoa yangu, nikitaka kumwambia mama mkwe jambo, nilimwambia mke wangu, naye akampelekea, hata kama sote watatu tulikuwa ua mmoja. Hayo niliyajua. Lakini nilidhani yamezikwa pamoja na kizazi cha baba yangu. Nilikuwa nimehubiri mara nyingi kwamba kwa Mungu kuta zinazowatenga watu zimeangushwa, na watu waliitikia amina. Nami na mama tulikuwa wazee wawili tuliofiwa na mtu mmoja. Pazia lingetosha.

Binti yangu alikwenda Ikutha akamleta nyanya yake Jumamosi. Tukampa chumba cha tatu kwa muda, kwa sababu kazi ingefika huko mwisho. Kilikuwa na mlango wake wa nje kama vyumba vingine, na kutoka hapo si mbali na vyoo vya ploti. Jioni hiyo binti alimshika mkono akamtembeza juu ya michoro ya makaa, mimi nikiwa nimesimama nje karibu na rundo la mchanga, mgongo wangu ukiwaelekea kama nilivyozoea.

"Hapa ni kwako, susu," nikamsikia akisema, akimwita nyanya kwa Kikamba. "Hapa utapita kwenda chooni."

"Hapa?"

"Ndiyo. Baba ataweka pazia."

Kisha bibi akasema, "Ni nzuri," akatoka nje kukaa.

Jumapili jioni binti alirudi Nairobi kazini. Jumatatu fundi alianza kupiga tundu la kwanza, kati ya chumba cha kwanza na cha pili, na vumbi likaingia kila mahali, hata ndani ya sukari. Jirani mmoja wa ploti alinisaidia kumpelekea bibi chakula na chai. Chakula alikula kidogo. Chai ilirudi imejaa kikombe, na juu yake utando wa maziwa. Maji vilevile. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Nilimwomba Mungu aniondolee wasiwasi, halafu nikawa na wasiwasi tena. Niliona ni ugonjwa, au ni huzuni ya mwanawe, nikapanga kutafuta gari la kumpeleka kliniki.

Kumbe alikuwa akijizoeza. Alikuwa anajifunza kuishi bila kwenda chooni.

Hilo nililijua siku iliyofuata. Fundi alikuwa amemaliza kusafisha tundu lake, akahamia ukuta wa pili, ule wa kati yangu na mama. Aliinua nyundo. Bibi alikuwa nje ya mlango wake, amekaa juu ya kigoda, leso kichwani, mkoba wake wa safari mapajani. Akazungumza Kiswahili chake cha sokoni, ili fundi amwelewe.

"Fundi, weka chini hiyo kitu. Mwambie mwenye nyumba anitafutie gari ya Ikutha."

Mimi nilikuwa pale pale, nyuma ya rundo la mchanga. Fundi alinitazama, akamtazama bibi.

"Bibi, si huyu hapa? Anakusikia."

"Mwambie."

"Mzee," fundi akasema, "bibi anataka gari la Ikutha."

"Mwambie nyumba ya Ikutha inaanguka," nikajibu, nikiwa nimeugeukia mchanga.

"Bibi, mzee anasema nyumba yako inaanguka."

"Mwambie ikianguka, imeanguka na mwenyewe. Hapa mimi ni mgeni wa mtoto wangu, na mtoto wangu hayuko."

Fundi alilileta hilo kwa sauti ya chini. Niliona haya. Niliona pia uchovu mkubwa, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa si mlango wenyewe. Nikasema, "Mwulize ni nini kibaya katika nyumba. Kitarekebishwa."

Bibi hakungoja aulizwe. "Nikitaka choo, nitapita kwa kitanda ya nani?"

Fundi akaiweka nyundo chini. Akapangusa uso kwa kofia. "Hilo, bibi yangu, mimi siwezi kulibeba. Nihurumieni, mimi nimeajiriwa kupiga plasta."

Hakukuwa na haja ya kulibeba. Nilikuwa nimelisikia. Nikaona vile vikombe vyote vya chai vilivyorudi vimejaa, nikaelewa kila kimoja.

Nikajaribu njia ya wazee wa zamani. Nilikuwa nimesikia utotoni kwamba mkwe aliweza kulegeza nthoni kwa zawadi. "Mwambie nitamnunulia blanketi nzuri, nzito, ili mambo haya yaishe."

Sasa bibi alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu, na kilikuwa cha mke wangu kabisa, kinachoanzia puani. "Mwambie blanketi ninazo. Nthoni si baridi, haiondolewi na blanketi. Na uzee huu, nikiiacha hiyo, nitabaki na nini nilichokuja nacho?"

Fundi alisahau kunifikishia, alikuwa anacheka pia.

Kisha bibi akainuka kwa fimbo yake. Nilisikia hatua zake zikiingia ndani, fimbo ikigonga saruji, halafu sauti ya kiatu kikisugua sakafu. Alikuwa anafuta mchoro wangu wa makaa.

"Fundi, hii ukuta isiguswe. Mimi nitakaa hapa, kwa mlango yangu. Nyuma hapa ndio choo yangu. Yeye achukue hivyo viwili, akitaka apige hata mpira ndani."

"Na mwulize," nikasema, "mwulize nitajuaje kama ameanguka?"

Lori likapita barabarani, mabati yakatetemeka.

"Mwambie nitapiga ukuta na fimbo. Na yeye akianguka, apige. Sitakuja kumwinua, lakini nitaita watu."

Ndivyo tulivyojenga. Sebule ilibaki ndogo. Mimi nikapata chumba cha kati, na choo changu kikabanwa kwenye pembe ya sebule. Wageni hukisikia na hujifanya hawakisikii. Binti yangu alipokuja aliangalia akasema, "Baba, umefanya kazi yote hii, na ploti ni ploti tu." Kweli. Mtu hupanga mengi katika maombi, naye Mungu humpelekea jibu kwa kinywa cha mwenye fimbo.

Siku ya kwanza baada ya choo chake kukamilika, kikombe cha chai kilirudi kikiwa kimekauka. Nilikishika mkononi kitambo, kama mtu aliyepokea barua.

Sasa imekuwa desturi. Jioni husoma Neno kwa sauti nikiwa nimekaa karibu na ukuta, kisha huomba. Hatujawahi kuzungumza juu ya hilo, na yule fundi ameshakwenda kwa kazi nyingine, kwa hiyo hakuna wa kulisema. Lakini ninapoomba husikia kigoda upande wa pili kikisogezwa. Na nikirefusha maombi, kwa maana nina tabia hiyo, Amina yake huja kabla sijamaliza, kwa sauti kubwa, na fimbo moja ukutani. Basi nami husema Amina, nikazima taa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe wa kukaa naye ukuta mmoja. Akupe mlango wako na chai yako unywe yote. Na siku ukianguka, usikose mtu wa kusikia unapogonga. Amina.